Paul Panda Farnana: mfungwa wa vita aliyeanzisha shirika la kusaidiana



Katika mkutano wetu wa mwisho hapa Kasha, neno moja lilituuma wote. Wenzetu kadhaa walisimama wakasema wanataka kutoka shirika. Hawakugombana na mtu. Walisema tu kwamba wao wamekwisha kusimama: mmoja ana kibanda cha biashara, mwingine watoto wake wamemaliza masomo, mwingine amepata kiwanja na nyumba iko na mabati. Wakauliza, sababu gani waendelee kulipa mchango kila mwezi kama watu waliofika jana na mkeka begani? Jina la mrudishwa limekwisha kuwachosha. Wanataka kuwa watu wa Kasha kama watu wengine, basi.

Hatukuwa na jibu siku ile. Mama mmoja mjane, mwenye bado anapanga chumba kimoja na watoto wake, aliuliza tu kwa sauti ya chini: wenye nguvu wakiondoka, sanduku litabaki la nani? Mkutano ukaisha hivyo, kila mtu akashuka kilima na mawazo yake.

Njo maana katika gazeti letu la mara hii tumeona vema tuwasimulie maisha ya mtu mmoja. Alikuwa Mkongomani kama sisi. Alitolewa kwao akiwa mtoto, akafungwa katika makambi ya Wajerumani zaidi ya miaka minne, akatoka hai. Na alipotoka, yeye mwenye hakuhitaji sana msaada wa mtu, njo alianzisha shirika la kusaidiana. Jina lake ni Paul Panda Farnana.

Mtoto wa Nzemba

Panda alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, upande wa Banana na Moanda, kule mto Kongo unapoingia baharini. Ni mbali sana na Kivu yetu, ni mwisho mwingine wa nchi. Wakati ule Kongo haikuwa hata koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, na watu walikufa kwa kazi ya kulazimishwa ya mpira na ya kubeba mizigo. Panda alizaliwa katika nyumba ya mkubwa wa pale. Jina la Farnana watu wanasema lilitoka kwa jina la Kireno, Fernando, kwa sababu Wareno walifanya biashara pwani ile siku nyingi mbele ya Wabelgiji.

Mwaka 1900, akiwa na miaka 12, Mbelgiji mmoja mwenye kazi ya Kongo, Jules Derscheid, alimchukua akamfikisha Ubelgiji. Huyu bwana alimwacha kwa dada yake Louise Derscheid, na ule mama njo alimlea. Alimfundisha, akampeleka masomo. Tuseme ukweli: watoto wengi wa Kongo waliopelekwa Ulaya miaka ile walionyeshwa kwa watu kama vitu vya ajabu, au wakafanywa watumishi wa nyumbani, au baridi iliwaua. Panda alipata bahati ambayo wengi hawakuipata. Alisoma katika masomo ya sekondari ya Ixelles pale Bruxelles, pamoja na watoto wa Wazungu.

Kisha akachagua kazi ya udongo. Aliingia shule ya kilimo na bustani ya Vilvoorde, akamaliza mwaka 1907. Mwaka uliofuata akaenda Nogent-sur-Marne, karibu na Paris, kusoma kilimo cha nchi za joto. Tena akasoma mambo ya biashara katika mji wa Mons. Kwa hiyo, mbele ya watu kusikia jina la Lumumba, mbele hata Lumumba hajazaliwa, Mkongomani mmoja alikuwa amekwisha kupata diploma za Ulaya. Wanaoandika historia wanamhesabu kuwa wa kwanza kufika daraja lile la masomo katika Ubelgiji.

Mwaka 1909, mwaka mmoja baada ya Leopold kuiachia Ubelgiji nchi ya Kongo, Panda aliajiriwa na serikali ya koloni akatumwa Kongo kuwa mtaalamu wa kilimo. Alifanya kazi katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na mji tunaouita leo Mbandaka, na baadaye upande wa Bas-Kongo. Fikirini alivyoonekana: Mweusi mwenye diploma, mwenye kuandika ripoti kwa Kifaransa kizuri, katika nchi ambayo kila Mweusi alitakiwa kubeba, kulima na kunyamaza. Aliona kwa macho yake namna watu wa kwao walivyokuwa wanaishi chini ya Bula Matari. Yale aliyoyaona hakuyasahau.

Namur, Agosti 1914

Mwaka 1914 alikuwa amerudi Ubelgiji. Tarehe 4 Agosti Wajerumani waliivamia nchi ile. Siku hizo za kwanza kiliundwa kikosi cha kujitolea cha watu wenye walifanya kazi Kongo, chini ya koloneli Louis Chaltin. Karibu wote walikuwa Wazungu waliorudi kutoka koloni, lakini Wakongomani wachache waliingia pia. Panda aliandikwa humo. Wengine walioingia ni Joseph Adipanga, na Albert Kudjabo, mtu wa upande wa Kilo-Moto, kwetu huku mashariki.

Wakongomani wote wenye walikuwa masoda katika jeshi la Ubelgiji kule Ulaya vita ile, watafiti wamehesabu majina 32. Ni wachache sana ukilinganisha na makumi ya maelfu ya ndugu zetu waliopigana Afrika. Lakini hawa 32 walikuwa katikati ya Wazungu, wakivaa nguo moja ya kijeshi nao.

Kikosi cha Panda kilipelekwa kulinda Namur, mji uliozungukwa na ngome ambazo Wabelgiji waliamini hakuna adui wa kuzivunja. Wajerumani walileta mizinga mikubwa sana, mingine yenye mdomo wa sentimita 42. Siku chache tu zilitosha. Tarehe 23 Agosti 1914 Wajerumani waliingia mji, na Panda akashikwa. Vita yake ilikuwa imedumu chini ya majuma matatu. Kifungo chake kingedumu zaidi ya miaka minne.

Ndani ya makambi

Wengi wetu tunajua maana ya kambi. Wenzetu wenye walitoka Nyarugusu wanajua maana ya kupewa namba, ya kupanga foleni, ya kungojea siku ya chakula huku karatasi imekunjwa ndani ya kanga. Kambi ya mkimbizi siyo kambi ya mfungwa wa vita, hatuwezi kuzichanganya. Kwa mkimbizi mlango uko, hata kama hakuna pa kwenda. Kwa mfungwa kuna waya wa miiba na bunduki juu ya mnara. Lakini kungojea ni kungojea, na njaa ni njaa.

Mpaka mwisho wa vita Ujerumani ilikuwa na wafungwa karibu milioni mbili na nusu: Warusi, Wafaransa, Waingereza, Wabelgiji, Waitalia, Waserbia, na pamoja nao Waafrika na Wahindi waliokamatwa katika majeshi ya wakubwa wao. Wabelgiji wengi walipelekwa Soltau, kaskazini, penye kambi moja ya makubwa kupita zote. Mwanzoni hata mabanda hayakutosha, wafungwa wengi walilala kwenye mahema na kwenye udongo. Mwaka 1915 homa ya chawa, ile tifusi, iliingia katika makambi kadhaa ikaua watu wengi sana.

Kwa sheria ya vita iliyokubaliwa The Hague mwaka 1907, ofisa aliyekamatwa halazimishwi kazi, lakini soda wa kawaida anaweza kufanyishwa. Wafungwa walitawanywa kwenye mashamba, machimbo ya makaa ya mawe, viwanda na barabara. Na chakula kilipungua mwaka hata mwaka, kwa maana manowari za Waingereza zilifunga njia za bahari, na Ujerumani yenyewe ikaanza kulala njaa. Katika baridi ya 1916 na 1917 raia wa Ujerumani walikula mizizi ya kulishia mifugo. Kama mwenye nyumba anakula hivyo, mfungwa alipata nini?

Kilichookoa maisha ya wengi ni mafurushi. Nyumba za wafungwa na kamati za msaada zilituma mikate, sabuni, soksi, tumbaku. Mfungwa mwenye watu wa kumkumbuka aliishi. Asiye na mtu alitegemea wenzake wa banda moja. Hapo njo watu walijifunza kugawana bila kuandikiwa sheria. Mwenye furushi leo anamkatia jirani, kwa sababu kesho huenda furushi lisifike.

Kwa Mweusi kulikuwa na jambo jingine zaidi. Wajerumani waliandika sana katika magazeti yao kwamba ni haya kuleta watu wa Afrika kupigana na Wazungu Ulaya. Mfungwa wa Afrika alikuwa kitu cha kutazamwa. Wapiga picha walikuja. Wenye elimu walikuja pia: kutoka 1915 hadi 1918 Wajerumani walituma watu na mashine za kunasa sauti ndani ya makambi, wakawaweka wafungwa wa lugha mbalimbali mbele ya pembe ya mashine. Albert Kudjabo alikuwa mmoja wao. Sauti yake ilinaswa, na hata leo iko imetunzwa Berlin. Fikiria kidogo: huenda ndugu zake wa Ituri hawakupata barua hata moja kutoka kwake, lakini Wajerumani walibaki na sauti yake miaka zaidi ya mia.

Panda alikaa katika hali hiyo tangu Agosti 1914 mpaka vita ilipokwisha Novemba 1918. Aliingia na miaka 26, akatoka na 30.

Miaka ileile, huku kwetu

Tusifikiri kwamba vita ile ilikuwa ya mbali. Septemba 1914, mwezi mmoja baada ya Panda kushikwa, Wajerumani wa Rwanda walivuka ziwa letu wakateka kisiwa cha Idjwi. Ruzizi, huu mto tunaoutazama kila siku, ulikuwa mpaka wa vita. Mwaka 1916 masoda wa Force Publique walivuka wakaingia Rwanda na Burundi, wakaendelea mpaka Tabora, wakauchukua mji ule tarehe 19 Septemba 1916.

Nyuma ya kila soda walitembea wapagazi. Walilazimishwa kutoka vijiji kubeba masasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande. Hesabu ya wapagazi waliotumika upande wa Wabelgiji inapita laki mbili. Wengi waliofia njiani kwa homa, kuhara na uchovu majina yao hayakuandikwa popote. Ubelgiji iliposherehekea Tabora ilitaja majenerali.

Wazee wa Bukavu wanajua mtindo huu. Kambi yetu ya Saio ina jina la mahali pa Uhabeshi ambapo masoda wa Kongo walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Jina la vita limebaki ukutani. Majina ya watu yako wapi?

Kurudi na kufukuzwa

Sasa tunafika mahali ambapo maisha ya Panda yanatugusa moja kwa moja.

Alipotoka kambini, alirudi Bruxelles, mji aliokulia. Alikuwa amelipa kwa miaka minne ya maisha yake. Mtu angefikiri angepokelewa kama mmoja wa wenyeji. Haikuwa hivyo. Miaka ile ya nyuma ya vita kazi zilikuwa chache, na macho ya watu yalikuwa yamebadilika. Gazeti moja la wenye walipigana vita lilifikia kuandika kwamba Weusi warudishwe tu kwao, chini ya migomba yao. Na hilo ni gazeti la masoda wenzao, watu wenye walilala nao katika mahandaki na katika mabanda ya Ujerumani!

Ni nani kati yetu hajasikia neno kama lile? Ukiwa ng'ambo unaambiwa wewe ni mgeni, rudi kwenu. Ukirudi kwenu unaambiwa ulikimbia, tulibaki sisi, kiwanja chako kimekwisha kupata mwenyewe. Mrudishwa anafukuzwa mara mbili.

Panda na wenzake hawakunyamaza, tena hawakutukana. Walijibu kwa maandishi na kwa kusaini majina yao. Walikumbusha kwamba walipigana na kuteseka kama Wabelgiji wengine, na kwamba haki ya aliyetoa mwili wake haiangaliwi kwa rangi ya ngozi.

Daftari la Union Congolaise

Tarehe 30 Agosti 1919 Panda alifanya jambo ambalo njo sababu ya sisi kuandika makala hii. Pale Bruxelles, pamoja na wenzake kama thelathini hivi, wengi wao wakiwa wametoka vitani, alianzisha shirika lililoitwa Union Congolaise. Jina lake refu lilisema wazi kazi yake: shirika la msaada na la kuendeleza akili na mwenendo wa Wakongomani.

Angalieni vizuri neno gani lilitangulia. Msaada ulitangulia. Wakongomani waliokuwa Ubelgiji wakati ule hawakuwa wenye diploma. Walikuwa mabaharia walioachwa bandarini Anvers bila meli, watumishi wa nyumba walioondolewa kazi, wafanyakazi wa migodi na viwanda, masoda wa zamani wenye vifua vilivyoharibika. Mmoja akiugua, hana ndugu wa kumletea uji. Akifa, hana wa kumzika. Akionewa na polisi au na tajiri wake, hajui kuandika barua.

Panda alijua kuandika. Alijua sheria, alijua namna ya kuongea na waziri bila kutetemeka, na alikuwa na watu waliomlea kama mtoto wa nyumba. Angeweza kukaa upande wake, akatafuta kazi nzuri ya kilimo, akajiita mtu aliyeendelea. Hakuna ambaye angemlaumu. Kati ya wote, yeye ndiye aliyehitaji shirika kidogo kuliko wote. Na yeye njo alilianzisha, akawa kichwa chake.

Hatuna haja ya kumfanya malaika. Hakudai uhuru wa Kongo kama Lumumba alivyoudai miaka arobaini baadaye. Alikubali serikali ya koloni iwepo, akataka ibadilike. Wapo wanaomwona alikuwa mpole mno. Lakini kwa wakati ule, Mkongomani kudai chochote mbele ya Wabelgiji kilikuwa kitu kipya kabisa.

Sauti mbele ya wakubwa

Mwezi wa Februari 1919, mbele hata ya Union Congolaise kuanzishwa, watu Weusi wa Amerika, wa visiwa na wa Afrika walikutana Paris katika mkutano ulioitishwa na Mmarekani Mweusi W.E.B. Du Bois, akisaidiwa na Blaise Diagne wa Senegali. Panda alikuwa mmoja wa waliohudhuria. Alikuta kwamba shida aliyodhani ni ya Kongo ilikuwa na ndugu zake kila mahali.

Desemba 1920 kulifanyika Bruxelles mkutano mkubwa wa mambo ya koloni, ndani ya jumba la Seneti. Panda alisimama pale, Mkongomani mbele ya mawaziri, majenerali, wamisionari na wenye makampuni. Aliomba watu wa Kongo wapate masomo ya kweli, siyo ya kuwafundisha utumishi tu, na wapate nafasi ya kutoa mawazo juu ya namna nchi yao inavyotawaliwa. Leo ombi hilo linaonekana dogo. Siku ile lilitikisa viti.

Mwaka 1921 mkutano wa Weusi ulifanyika tena, sehemu London, sehemu Bruxelles, sehemu Paris. Panda alisimamia sana ile sehemu ya Bruxelles. Magazeti ya Ubelgiji yakawaka moto. Waliandika kwamba hawa ni wakomunisti, ni watu wa Marcus Garvey wanaotaka kuwafukuza Wazungu Afrika. Mwaka uleule kule Bas-Kongo, Simon Kimbangu alikamatwa kwa kuhubiri, akahukumiwa kifo, kisha mfalme akaibadili hukumu ikawa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Hofu ya wakoloni ilikuwa kubwa hivyo. Kila Mweusi mwenye kukusanya watu, hata kwa kusali, hata kwa kuzikana, alionekana hatari.

Panda aliendelea. Alijibu kwenye magazeti, alitoa hotuba, alipokea Wakongomani wenye shida. Miaka kumi alifanya kazi hiyo.

Safari ya mwisho

Mwaka 1929 alirudi Kongo, kwao Nzemba. Alikuwa ametolewa pale akiwa mtoto wa miaka 12. Sasa alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 40. Hakurudi kupumzika. Alianza kujenga kijijini: shule kwa watoto, na nyumba ya sala kwa jina la Mtakatifu Antoni. Lile aliloomba ndani ya Seneti ya Ubelgiji, alianza kulifanya mwenyewe kwa matofali.

Hakupata muda. Tarehe 12 Mei 1930 alikufa Matadi, ghafla. Baada yake Kongo ilikaa miaka thelathini kabla ya kupata uhuru, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna aliyelitaja jina lake. Vitabu tulivyosomea masomo hapa Kivu havikutufundisha habari zake. Wengi wetu katika kundi letu la wafanyakazi tulimjua tukiwa tumekwisha kumaliza chuo kikuu, na tuliona haya.

Kwetu sisi wa Kasha

Tukirudi sasa kwenye neno lililobaki mkutanoni. Wenzetu wenye wanataka kutoka hawana kosa kutamani kuwa watu wa Kasha bila jina lingine. Sisi wote tunalitamani hilo. Shirika ambalo memba wake wanabaki na shida milele ni shirika lililoshindwa. Mtu akijenga nyumba ya mabati, tunapiga kigelegele.

Lakini tuwaombe waangalie Panda. Yeye hakuingia Union Congolaise kwa kuwa alikuwa na njaa. Aliingia kwa kuwa alikwisha kushiba, na alikumbuka banda la Ujerumani ambako mwenye furushi alimkatia asiye nalo. Shirika la wenye shida peke yao ni sanduku tupu lenye kufuli. Linakuwa na kitu pale tu ambapo aliyesimama anakubali kubaki amesimama karibu na aliyekaa. Mchango wa mwenye kibanda ni kidogo kwake; kwa yule mama mjane ni dawa ya mtoto, au ni minervali ya muhula mmoja.

Na siyo pesa tu. Panda alitoa kalamu. Kati yetu wako wenye kujua kuandika barua kwa shefu wa kartie, wenye kujua njia za komine ya Bagira, wenye kujua namna ya kufuata kesi ya kiwanja bila kuhonga. Hao wakiondoka, sanduku linaweza kubaki na pesa na bado tukawa maskini.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: msitupime kwa idadi ya waliosaidiwa peke yake. Mtuulize pia ni wangapi waliosaidiwa zamani ambao leo wanasaidia. Hesabu hiyo njo inaonyesha kama shirika liko hai. Mradi una tarehe ya mwisho, na ninyi mtaondoka siku moja, kama ilivyo haki. Kitakachobaki ni daftari na watu wenye majina yao yamo ndani.

Njo maana tunaomba jambo moja dogo kwa mkutano ujao. Wenye wanataka kutoka wasitoke bado. Waje, wakae na kamati, tuongee kama kuna namna ya wao kubaki kwa sura nyingine: mchango mdogo zaidi, au siku moja kwa mwezi ya kuwaandikia wenzao barua, au kumchukua kijana mmoja na kumfundisha biashara. Kila mmoja aseme anachoweza. Na mwandishi alete daftari la zamani, lile la kwanza kabisa, tusome majina yote kwa sauti, ya walio hai na ya wenye walitutangulia.

Panda Farnana alitoka nyuma ya waya wa miiba akiwa na mlango wazi wa kwenda peke yake. Alirudi kuwachukua wengine. Tuonane kwenye mkutano. Kila mtu aje na kadi yake, na aliye na jirani mgonjwa amletee habari zake.